Nani Amemnunua Nani?

Jua la Juni likishakausha mabua mashambani na marobota ya tumbaku yakaanza kupandishwa kwenye malori, Urambo huingia msimu wake wa pili, yaani msimu wa usajili. Mpira wenyewe umesimama. Hakuna mechi, hakuna goli, hakuna refa wa kutukanwa. Lakini nenda kijiwe chochote, kwa fundi baiskeli, kwa kinyozi, kwa muuza kahawa wa stesheni, utadhani fainali inapigwa jioni ile ile. Nani anatua Msimbazi? Nani katemwa Jangwani? Yule Mkongomani ni kweli kamwaga wino au ni maneno ya magazeti? Watu ambao hawajalipwa fedha za tumbaku yao wanabishana juu ya mamilioni ya watu wengine, na wanabishana kwa moyo wote, kama vile fedha zinatoka mfukoni mwao.

Julai ya mwaka 2024 ubishi ulikuwa mmoja tu: Clatous Chama. Mzambia huyu alikuja Simba mwaka 2018, akaenda Morocco kwa Berkane mwaka 2021, akarudi Simba Januari 2022, halafu mkataba wake ulipokwisha akavuka barabara akaenda Yanga. Kwa Mwanasimba hilo si tukio la mpira, ni msiba. Kijana mmoja alisema Yanga wamemnunua Chama kutuumiza roho. Mwenzake wa Yanga akajibu kwamba hawakumnunua, amekuja mwenyewe, alikuwa mchezaji huru. Wa kwanza akang'aka: huru wapi, mtu kanunuliwa! Na hapo mzee mmoja aliyekuwa akingoja baiskeli yake itiwe kiraka akaingilia kati. "Wajukuu zangu," alisema, "hapa watu walinunuliwa kweli. Tafuteni neno jingine."

Vijana walicheka, ubishi ukaendelea. Mimi lile neno lilinikaa. Maana mzee hakuwa anatania. Tuko kwenye njia. Barabara inayotoka Tabora kuja huku magharibi, na reli inayoifuata hadi Kigoma tangu mwaka 1914, zinapita katika nchi ile ile iliyopitwa na misafara ya pembe na ya watu, kutoka Ujiji kuja Unyanyembe, kutoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo. Sisi tunasema "kauzwa", "kanunuliwa", "kakopeshwa", "huru", na kila moja ya maneno hayo liliwahi kusemwa hapa juu ya binadamu, bila jezi wala picha ya kushikana mikono.

Basi nikaanza kujiuliza: zamani ile, usajili ulikuwaje?

Tusidhani kila aliyetembea njia ile alikuwa mtumwa. Hili ndilo kosa la kwanza la vitabu vyetu vya shule, picha ile ya watu wamefungwa kongwa shingoni na pembe begani, kana kwamba hakukuwa na mwingine. Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857, waliikuta kazi ya upagazi ni kazi ya kuajiriwa, na wenye kazi hiyo ni Wanyamwezi. Mzigo ulipimwa kwa frasila, na frasila mbili, yaani kama kilo 32, ulikuwa mzigo wa mwanamume. Mshahara ulilipwa kwa kitambaa. Juu ya mshahara kulikuwa na posho, chakula cha njiani au kitambaa cha kununulia chakula. Na kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto; kupata mke ilikuwa taabu kwake. Safari ilikuwa ndiyo majaribio yake.

Angalia na majira yenyewe. Wapagazi wengi waliondoka baada ya mavuno, mvua zikikatika, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua nyingine ili wakalime. Kwa hiyo miezi ile ya kiangazi, tunapokodolea macho dirisha kubwa la usajili, ndiyo miezi ambayo vijana wa nchi hii walikuwa wakipima mizigo na kupatana bei. Dirisha lilikuwapo, bwana. Lilifungwa na mvua.

Na mawakala walikuwapo. Pale Bagamoyo alikuwapo Sewa Haji Paroo, tajiri Mhindi aliyefariki mwaka 1897. Mzungu akitaka kwenda bara alimwendea Sewa Haji, naye akampatia watu, vitambaa, shanga, kila kitu. Yeye hakutembea hata hatua moja kwenda Tabora. Alikuwa na majina ya watu kwenye daftari, akala cha juu. Leo jina lake liko Muhimbili kwenye jengo la wagonjwa, kwa sababu alitoa fedha nyingi kwa ajili ya hospitali, na wengi wanaolazwa humo hawajui kwamba jina hilo lilijengwa kwa mabega ya wapagazi. Wakala wa sasa anakaa hotelini na simu tatu. Tofauti ni simu.

Mpagazi alikuwa na silaha moja, miguu yake. Asipolipwa posho aliweka mzigo chini. Akipigwa sana, usiku mmoja mlihesabu watu mkakuta pengo. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya "watoro", kurasa kwa kurasa, mpaka msomaji anachoka. Ukisoma kwa jicho la mwenye msafara, ni wezi waliochukua malipo ya mwanzo wakakimbia. Ukisoma kwa jicho la anayebeba, ni watu waliovunja mkataba kwa njia pekee waliyokuwa nayo. Stanley alipokuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na dawa yake. Alichukua mnyororo, ule ule wa kufungia watumwa, akawafungia watoro wake. Watu walioajiriwa kwa mshahara, walioweka ahadi kwa hiari, wakatembea shingo kwa shingo kama mali.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wa baiskeli. Kati ya aliyeajiriwa na aliyenunuliwa hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na mnyororo, na mwenye msafara ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Sasa twende kwa mwenye nchi, maana huwezi kuandika Urambo ukamruka Mirambo.

Mashabiki wetu hupenda kusema kwamba wageni wanaua vipaji vya nyumbani. Zamani timu iliruhusiwa wageni watano, wakawa saba, wakawa kumi, wakafika kumi na wawili, na kila idadi ilipopanda pakawa na kelele. Jamaa mmoja hapa, mwalimu, husema Mirambo angekuwa kocha angepanga Wanyamwezi watupu. Ningependa kujua habari hiyo aliipata wapi. Jeshi la Mirambo lilikuwa la mchanganyiko kuliko timu yoyote ya Ligi Kuu. Rugaruga wake walikuwa vijana wa kila namna: waliotekwa vitani wangali wadogo wakalelewa kwenye silaha, watumwa waliotoroka mabwana zao, wapagazi walioacha misafara, watu wasio na ukoo wa kurudia. Pamoja nao aliwavuta Watuta, wale Wangoni waliokuja kutoka kusini, akapigana bega kwa bega nao. Mwenyewe alimweleza Stanley mwaka 1876 kwamba anapenda kupigana na vijana wasio na mke wala watoto, kwa sababu mwenye familia hufikiria nyumbani. Maskauti wa leo wanasema hivyo hivyo kwa maneno ya adabu.

Kwa maneno ya kijiweni, Mirambo alisajili wachezaji huru, na waliotemwa, na waliotoroka mikataba. Wale ambao matajiri wa Unyanyembe waliwaona takataka za njia. Akawavika nguo nyekundu, akawapa bunduki na sehemu ya nyara, akawapa kitu ambacho hawakuwa nacho, jina.

Na matokeo yake? Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliamua kummaliza. Walikuwa na zaidi ya watu elfu mbili, Stanley akiwa ndani yao na bendera ya Marekani, mchezaji wa mkopo wa muda mfupi sana. Waliteka kijiji cha Zimbizo, wakaona mambo mepesi. Kikosi chao kingine chini ya Soud bin Said kikaingia Wilyankuru, Ulyankulu tunayoijua sisi, kikakuta pembe na mali, kikabeba. Mirambo hakuwa amekimbia, alikuwa amejificha. Walipokuwa wakirudi na mizigo begani, vijana wake wakatokea kwenye nyasi. Soud akafa pale, na wengi pamoja naye. Stanley akiwa na homa akarudi Tabora kwa fedheha, na tarehe 22 mwezi huo huo Mirambo akawafuata kwao. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, akatoka kumkabili na watumwa wake wenye silaha. Wale watumwa wakamwacha. Khamis akauawa, na sehemu ya Tabora ikaungua mchana kweupe.

Nisome tena sentensi ile: wale watumwa wakamwacha. Khamis alikuwa amewanunua, kwa maana ya kweli ya neno. Hakuna mkataba mrefu kuliko huo. Na siku ya mechi, hawakucheza.

Lakini sitaki kumpaka Mirambo rangi ya malaika, kama wanavyofanya wengine siku za hotuba. Vijana aliowateka walikuwa na mama zao. Vijiji alivyovichoma vilikuwa vya Wanyamwezi wenzake, na pembe na watumwa viliendelea kupita katika nchi yake alipokuwa amepatana na wafanyabiashara. Mtu anayesema rugaruga walikuwa "huru" aseme pia ni nani aliyekuwa huru kuwakataa. Mapatano yake na Waarabu yalipofika katikati ya miaka ya 1870, alitaka biashara, siyo vita, na akasajili tena, safari hii wataalamu. Alikuwa na Mswisi, Philippe Broyon, kama wakala wake wa biashara. Mwaka 1879 alimkubali Dakta Ebenezer Southon wa chama cha wamisionari cha London, akampa mahali pa kukaa hapa Urambo. Timu ikawa na daktari. Southon alifariki mwaka 1882 baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya, na alikuwa amekaa hapa muda wa kutosha kuandika mengi juu ya Mirambo.

Tarehe 2 Desemba 1884 Mirambo akafa. Na hapa ndipo ubishi wa mwalimu yule na mimi ulipokolea. Yeye anasema rugaruga walikuwa na mapenzi ya kweli na timu, si kama hawa wa siku hizi wanaobusu nembo leo na kesho wanabusu nyingine. Mimi nasema tazama kilichofuata. Mpandashalo akarithi, akahangaika, na haikupita miaka kumi na mitano dola yote ikawa imeparaganyika. Wale vijana walimfuata mtu mmoja aliyejua kushinda na kugawa. Alipoondoka, wakatawanyika. Wajerumani walipoingia, wakaajiri rugaruga nao kwa vita vyao. Na mtemi Isike wa Unyanyembe alipozingirwa ngomeni mwake Januari 1893, akalipua baruti kuliko kukamatwa hai, miongoni mwa waliokuwa upande wa Wajerumani walikuwa watu weusi wa kukodiwa. Mapenzi ya timu! Timu ilikuwa nani?

Mwalimu alinijibu kitu ambacho bado sijakipatia jibu. Alisema: "Sawa, lakini waliokuwa na Mirambo walishinda. Wewe unataka mchezaji awe huru. Sisi tunataka ashinde halafu abaki."

Ndiyo kiini cha ubishi wote wa usajili, popote duniani, na hapa inabidi tuvuke bahari kidogo. Kitambaa kile walicholipwa wapagazi, cheupe, kigumu, kiliitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani. Huko kwenye kitambaa kuna mchezo unaoitwa besiboli, wa rungu na mpira mdogo, na mashabiki wake hubishana wakati wa baridi, uwanja ukiwa umefungwa, kama sisi tunavyobishana kiangazi. Kwa muda mrefu sheria yao ilikuwa hivi: ukisaini timu moja, wewe ni wa timu hiyo mpaka ikuache au ikuuze. Mkataba ukiisha, bado ni wao. Mwaka 1969 timu ya St. Louis Cardinals ilimuuza Curt Flood, Mmarekani mweusi aliyewachezea miaka kumi na miwili, kwenda Philadelphia. Akakataa kwenda. Alikuwa akilipwa vizuri sana, dola 90,000 kwa mwaka, na watu wakamshangaa: analalamika nini? Alimwandikia mkuu wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa. Akaenda mahakamani, akafika mpaka mahakama kuu kabisa, na mwaka 1972 akashindwa kwa kura tano kwa tatu. Mpira wake ukaishia hapo. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1975, msuluhishi akaamua kesi ya wachezaji wengine wawili, Messersmith na McNally, na mlango ukafunguka. Waliopita mlangoni wakawa mamilionea. Flood hakupita.

Kwetu kwenye kandanda jina ni Bosman. Mbelgiji huyu mkataba wake na klabu ya Liège uliisha mwaka 1990, klabu ikadai fedha kabla ya kumwachia aende Ufaransa. Alipigana kesi miaka mitano, na tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikasema mkataba ukiisha umeisha. Kwa hiyo kijana wa kijiweni aliyesema Chama ni "mchezaji huru" alikuwa anatumia neno lenye umri mdogo kuliko wazazi wake. Na kijana aliyesema "kanunuliwa" alikuwa anatumia neno la zamani zaidi katika nchi hii.

Huku nyumbani tumekuwa na Flood wetu, ingawa hatukumwita hivyo. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, kiungo wa Yanga kutoka Zanzibar, aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, akasema nimevunja mkataba, kwaherini. Klabu ikarudisha fedha, ikasema mkataba hauvunjwi hivyo. Kamati ya TFF ikaamua yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana hachezi. Mama yake akasema hadharani kwamba mwanawe alikuwa akila ugali na sukari, na nchi nzima ikashika maneno hayo, wengine wakiona uchungu, wengine wakigeuza utani. Mashabiki wa timu pinzani walikwenda viwanjani na ugali na sukari. Mimi nilicheka kama wengine. Ila ukirudi kwenye njia ya misafara utaona kwamba ugomvi wa kwanza kati ya mpagazi na mwajiri haukuwa mshahara. Ulikuwa posho. Juni 2023 Rais Samia alipowakaribisha Yanga Ikulu baada ya fainali yao ya Kombe la Shirikisho Afrika, akawaambia wayamalize. Yakaisha: Yanga wakamuuza Azam.

Wakamuuza. Angalia neno lilivyorudi.

Ni kweli kwamba zipo safari zilizonyooka. Mbwana Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Januari 2016 akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza Afrika, akaenda Genk, akaenda Aston Villa. Kila hatua aliyemwachia alipata chake, naye akapata chake. Kuna na safari zilizopinda: Emmanuel Okwi, Mganda, mwaka 2013 aliuzwa na Simba kwenda Étoile du Sahel ya Tunisia kwa ada iliyotajwa kuwa dola 300,000, fedha zikawa hadithi ya kufuatilia kwa miaka, na Desemba ya mwaka huo huo jamaa akaibukia Yanga. Na kuna kutoroka kwa kundi zima, kama wapagazi walioweka mizigo chini usiku mmoja: mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970 uliozaa Pan African mwaka 1976.

Tukizungumza mikataba, nisisahau kwamba babu zetu hawakuishia kwenye misafara. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Wajerumani walikuwa wameuacha uendelee, wakisema watakaozaliwa kuanzia 1906 ndio wawe huru. Kisha kuanzia mwaka 1944 ofisi ya SILABU ikawa inapita mikoa ya bara kusomba watu wa mashamba ya mkonge. Hao ndio manamba, na jina linajieleza: mtu alikuwa namba yake. Hapa Urambo penyewe, mwaka 1947, ukaja mpango wa karanga wa Waingereza, matrekta, ajira, kelele, na mwaka 1951 ukafa. Tumbaku ikachukua ardhi. Kila mara kuna mtu anakuja na daftari.

Nayo timu yetu je? Mkoa huu uliwahi kuwa na Milambo ya Tabora, jina lenyewe ni historia, ikatamba miaka ya 1990 ikapotea. Rhino Rangers ya wanajeshi ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, ikashuka msimu ule ule. Halafu tukapata timu kwa njia ambayo Mirambo angeitambua: tuliisajili nzima. Kitayosce ilizaliwa Kilimanjaro, ikahamia Tabora, ikapanda Ligi Kuu. Mechi yake ya kwanza, Agosti 2023, dhidi ya Azam pale Chamazi, iliingia uwanjani na wachezaji wanane kwa sababu ya matatizo ya usajili. Wanane! Wakafungwa manne, wawili wakashindwa kuendelea, wakabaki sita, na mchezo ukavunjika kabla ya mapumziko, kwa kuwa sheria haikubali chini ya saba. Nilisikia mtu akisema siku ile kwamba aibu ile si ya wachezaji. Wale wanane walikuja kazini. Aliyekosekana alikuwa mwenye daftari.

Ikaitwa Tabora United, ikapewa jina la utani la Nyuki kwa ajili ya asali yetu, na Novemba 2024 ikaenda Dar es Salaam ikaifunga Yanga 3-1. Urambo hawakulala. Watu wa Simba walishangilia, bila shaka, lakini niliona na watu wa Yanga wakitabasamu kwa siri, kwa sababu kwa mara moja ushindi ulikuwa na jina la mkoa wao. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ikaichukua timu, na jina likawa TRA United. Nyuki wakabaki kwenye nyimbo, Tabora ikaondoka kwenye jezi. Mzee wa baiskeli angeuliza tena swali lake, maana sasa si mchezaji aliyebadilishana mikono, ni timu, na mashabiki ndani yake. Wapo wanaosema afadhali, mishahara italipwa. Wapo wanaosema bora njaa na jina lako. Wote wawili ni wakulima wa tumbaku, wanaojua vizuri maana ya kulipwa na kutolipwa, kwa hiyo sitaki kumcheka yeyote.

Nimalize na msafara mmoja, kwa sababu umetajwa sana kwa ajili ya maiti waliyoibeba na kidogo kwa ajili ya waliobeba. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, hapo hapo Tabora, miezi akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumwajiria pwani. Wakaja Agosti, zaidi ya hamsini, kwa mkataba na mshahara. Baadhi yao walikuwa watumwa waliokombolewa, kama Jacob Wainwright. Chuma, aliyekuwa na Livingstone tangu zamani, naye alikombolewa mwaka 1861 kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Mei 1873 mwajiri wao akafa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Mkataba ukafa naye, na kwa sheria yoyote walikuwa huru kuweka mizigo chini. Wakakausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome ya mti, wakaubeba. Oktoba wakafika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Wakapita Tabora na mzigo wao, Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Huko maofisa wa Kiingereza waliupokea mwili. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri nao hadi London kuuzika. Chuma na Susi waliitwa baadaye, mazishi yamekwisha. Waliobaki walilipwa mshahara wao ufukweni, jina kwa jina, wakaambiwa waende.